Fundi wa Paa Akue Hadi Wapi?



Katika darasa zetu za jioni hapa chuoni tumezungumza sana juu ya biashara: mtaji wa halali, riba ya benki, zaka ya bidhaa. Ni mazungumzo yenye faida, na walimu wetu Allah awalipe. Lakini nimeona kwamba karibu mifano yote tunayoitoa ni ya dukani. Kuna mzani, kuna bidhaa, mnunuzi anaishika, anaigeuza, anauliza bei, anaondoka nayo. Wapo ndugu zetu wengi wanaochuma kwa kazi ambayo mnunuzi hawezi kuigeuza, na akishalipa hataiona ndani yake tena mpaka siku itakapoharibika. Nataka kuzungumzia kazi moja ya namna hiyo, kazi ya kuezeka mapaa, na swali linalomkabili fundi mdogo anapotaka kuwa mkandarasi. Je, ni haki kwa Muislamu kuikuza biashara yake kupita pale jicho lake linapofika?

Mfano wangu ni wa nyumbani. Mudende ni sekta, kama nyinyi mnavyosema kata, katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Iko juu ya mji wa Gisenyi, upande wa milima ya volkano. Mwenzangu aliyezaliwa Tanga au Kilwa akifika kwetu kitu cha kwanza atakachoomba ni blanketi. Udongo ni mweusi na una rutuba, watu wanalima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa, na mawe ya lava yamezagaa kiasi kwamba tunayajengea kuta. Mvua ni nyingi lakini mito ni michache, kwa sababu mwamba wa volkano unayanyonya maji yakapotelea chini. Kwa hiyo familia nyingi hukinga maji ya paa. Gata, pipa, na mama anayehesabu ndoo. Paa kwetu ni kisima pia. Tena ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, uko mlima Nyiragongo, na gesi inayotoka katika kinywa chake huchanganyika na mvua ikawa na tindikali, basi bati hafifu hushika kutu mapema. Anayeuziwa bati baya Mudende ameharibiwa nyumba na maji kwa pamoja.

Wakubwa wetu wanalijua vizuri jambo la kukosa paa. Mudende iliwahi kuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Kongo, kambi iliyoshambuliwa mara mbili mwaka 1997, watu wakauawa ndani ya mahema ya plastiki. Baadaye, mwaka 2010 na 2011, serikali iliendesha kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, zile tunazoziita nyakatsi, na mabati yakafika hata kwa masikini wa mwisho. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi za Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na Rubavu, kwenye bonde la mto Sebeya, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Kila baada ya msiba wa namna hiyo watu hujenga upya, na kila nyumba inataka kuezekwa. Fundi wa mapaa hukua juu ya shida za watu, apende asipende. Silisemi hilo kumlaumu. Nalisema ili tujue kwamba wateja wake mara nyingi ni watu waliokwisha kupoteza mara moja.

Nina mjomba wangu huko ambaye ni fundi wa kuezeka. Alianza kwa kubebea mbao mafundi wengine, kisha akanunua nyundo, msumeno, kamba na pima maji yake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa na msaidizi mmoja tu, na yeye ndiye aliyekuwa juu ya kenchi tangu msumari wa kwanza mpaka wa mwisho. Sasa ana vijana watano, nyumba tatu kwa mpigo, na simu kutoka Gisenyi mjini zinazomwita kwenye nyumba za kupangisha. Mwaka jana alinipigia simu.

"Shehe," aliniambia, ndio utani wake tangu nianze kusoma masomo ya Kiislamu, "watu wanasema nimepanuka. Mimi naona nimetapanyika. Hebu niambie dini inasemaje."

Nikamjibu, "Mjomba, nipe siku chache." Siku chache zikawa muhula mzima, na ninayoyaandika hapa ni sehemu ya yale niliyomjibu.

Ili swali lake lieleweke inabidi mtu aijue kazi yenyewe kidogo. Bati hupimwa kwa geji, na hesabu yake huenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu milimita 0.3, na geji 32 ni nyembamba kuliko hiyo. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita, juu ya bati lililopakwa rangi, macho ya mwenye nyumba hayaioni. Kisha misumari. Hupigwa mgongoni mwa mkunjo wa bati, wala haipigwi bondeni yanakopita maji, na kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye kofia inatakiwa iwe mingi zaidi, kwa kuwa huko ndiko upepo unakoanzia kunyanyua. Kisha papi zishikwe sawasawa kwenye kenchi, na kenchi zifungwe kwa waya au ukanda wa chuma mpaka kwenye ukuta. Hilo la mwisho ndilo linaloamua. Paa ambalo kenchi zake zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wao tu, upepo hausumbuki kung'oa bati moja moja. Unalibeba zima na mbao zake ukalitupa shambani kwa jirani, au juu ya jirani mwenyewe. Serikali yetu kila msimu wa mvua inawahimiza watu wafunge mapaa. Na kufunga huko kukishafunikwa kwa bati juu na dari chini, hakuna anayejua kama kulifanyika isipokuwa yule aliyekuwepo na Mola wake.

Fundi akiwa peke yake, siri hiyo iko kati yake na Allah (s.w.). Akiwa na vijana watano, siri iko kati ya kijana wa miaka kumi na tisa na Allah (s.w.), lakini jina linalotajwa kijijini ni la fundi. Ndiyo maana ya kutapanyika.

Tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) aliyepita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Nimeifikiria sana hadithi hii kwa upande wa mafundi. Muuza nafaka anaweza kuugeuza upande wa chini ukawa juu. Paa haligeuki. Sehemu yake muhimu kwa maumbile yake ni ile inayofunikwa, na kuifunika ndiyo kazi yenyewe aliyolipwa. Basi fundi ana dakika moja tu ya kuitekeleza hadithi hiyo: kabla ya bati la kwanza kupanda. Asimamishe kazi, amwite mwenye nyumba, amwonyeshe vifungo vya kenchi kimoja kimoja na amsomee namba iliyopigwa kwenye bati. Mjomba hufanya hivyo, na vijana wake hunung'unika kwamba nusu siku inapotea. Inapotea kweli. Lakini nusu siku hiyo ni sehemu ya bidhaa.

Hapa mtu atauliza: je, yule mjane mwenye uwezo wa geji 32 tu, fundi amkatae? La. Bati jembamba si ghushi. Ghushi ni kulinyamazia. Mjane akiambiwa kwamba bati hili ni jembamba, litadumu miaka michache kuliko lile, na kwamba kwa sababu hiyo tutaongeza papi na misumari, kisha akaridhia, basi ameuziwa alichokitaka kwa uwezo wake. Nimesikia vijana wa dini wakilaani kila kitu cha bei nafuu kana kwamba unafuu ni dhambi. Wangeulizwa wale waliolala chini ya nyasi mbichi wangesema vingine.

Turudi kwenye jicho na umbali. Wanaosoma fikihi wanakijua kisa kinachosimuliwa juu ya Imam Abu Hanifa (Allah amrehemu), ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdulrahman, bidhaa akauze, akamwambia kwamba nguo moja ina kasoro na amweleze mnunuzi. Hafs akauza, akasahau kueleza, na mnunuzi hakujulikana alikoelekea. Imam akaitoa thamani ya mzigo wote sadaka.

Kwa kawaida tunakisoma kisa hiki kama kisa cha uchamungu, na ndivyo kilivyo. Mimi nakisoma pia kama kisa cha biashara iliyokua. Kasoro ilijulikana. Nia ya kuisema ilikuwepo. Kilichokatika ni njia: neno la kweli lilitakiwa lipite katika ulimi wa mtu wa pili, likapotea njiani. Abu Hanifa alikuwa na washirika na mali nyingi, hakuuogopa ukubwa. Ila ukubwa wake aliulipia mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, kwa kosa ambalo hakulifanya. Angekuwa na uwezo wa kuuza lakini hana uwezo wa kulipa, kisa kingekuwa kingine kabisa.

Na hapo tunaingia kwenye mas'ala ya kifikihi ambayo naona ndiyo kiini cha jambo. Asili ni kwamba aliyeshika mali ya mwenzake kwa idhini yake, mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikiharibika bila ya uzembe wala kuvuka mipaka, hadaiwi. Kwa asili hiyo, mshona nguo au mpaka rangi vitambaa akisema kitambaa chako kimeharibika bila kosa langu, ingetosha. Lakini imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwatoza mafundi, akiona kwamba mambo ya watu hayatengenei ila kwa kufanya hivyo. Imam Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 790 Hijria, sawa na 1388, akaifanya hukumu hii mmoja wa mifano yake ya maslaha yasiyokuwa na andiko mahsusi. Si wanazuoni wote waliokubali. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tumelelewa nayo, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi halipi mpaka ithibitike kwamba amezembea.

Kauli hiyo ina heshima yake, kwani kumtoza asiye na kosa ni dhulma. Lakini tuipeleke Mudende. Upepo wa mwezi wa nne umebeba paa la mtu. Mwenye nyumba anasema kenchi hazikufungwa. Fundi anasema zilifungwa, upepo ulikuwa mkubwa. Ushahidi uko wapi? Uko shambani, umevunjika vipande vipande, au ulifunikwa na fundi mwenyewe kwa mikono yake siku ile ya kazi. Kumwambia mwenye nyumba alete ushahidi wa uzembe ni kumwambia alete kitu ambacho kazi yenyewe ilikificha. Naona hii ndiyo sababu ya hukumu ya Sayyidna Ali. Haikutokana na kuwadhania mafundi kuwa wezi. Ilitokana na kuona kwamba mmoja kati ya wawili hawa yuko gizani na mwenzake yuko kwenye mwanga, na kwamba mzigo ubebwe na aliye kwenye mwanga. Kulichukua jambo lililosemwa juu ya mali ya mteja iliyo mkononi mwa fundi na kulipeleka kwenye paa lililokwisha kabidhiwa ni kiasi changu mimi mwanafunzi. Si fatwa, na mwenye elimu akiniona nimevuka mpaka anirejeshe.

Lakini ikiwa kiasi hicho kinasimama, basi kinatupa kipimo cha kukua. Fundi asijiulize ana simu ngapi wala vijana wangapi. Ajiulize: mapaa niliyoyaezeka miaka hii yakiniita kesho kwa mvua moja, nina fedha, muda na mbao za kurudi kwa wenyewe? Akiwa anaweza, achukue kazi nyingine, hata ziwe mia. Akiwa hawezi, hata ile ya nne ni kubwa kuliko yeye.

Nieleze kwa nini kipimo hiki si maneno ya mimbari tu. Wafanyakazi wa sekta hii kwetu huanza kwa avansi, neno tulilolirithi kwa Wabelgiji, yaani kianzio. Tuseme paa linapatanwa kwa faranga 1,000,000, mbao na mabati na ufundi vyote ndani, na mteja anatoa avansi ya 600,000. Fundi amepiga hesabu kwa bei za mwezi uliopita. Kumbe mabati yamepanda, na paa limemgharimu 1,050,000. Anapungukiwa 450,000 kabla hajalipwa zile 400,000 za mwisho. Anatoa wapi? Kwenye avansi ya mteja wa pili. Mteja wa kwanza akimaliza kulipa, shimo limebaki la faranga 50,000 tu. Ni dogo, halionekani. Mteja wa tatu anaziba la wa pili. Lakini kila paa linaongeza 50,000, na likimalizika la kumi na mbili shimo ni 600,000, yaani avansi nzima ya mteja wa kumi na tatu imekwisha kuliwa kabla hajaitoa. Na muda wote huo fundi hakosi fedha mfukoni. Vijana wanalipwa, pikipiki ina mafuta, simu inalia. Ukimtazama, anakua.

Kisheria hapa kuna tofauti ambayo mafundi wengi hawafundishwi. Kama mteja amesema, "Shika hizi, kaninunulie mabati arobaini," fundi amekuwa wakili wake. Fedha ile ni amana, na kuipeleka kwenye nyumba ya mtu mwingine hata kwa siku tatu ni khiyana, hata kama mabati yatanunuliwa baadaye. Mwaka 2023 Uganda ilitikisika pale mawaziri walipofikishwa mahakamani kwa tuhuma za mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja, nasi sote tukashangaa na kusikitika. Lakini aina ya kosa linalotuhumiwa pale na mabati arobaini ya jirani ni moja.

Kama mapatano ni ya kazi nzima, paa kwa bei yake, hiyo ni istisnaa. Avansi inakuwa mali ya fundi na yeye anabaki na deni la paa shingoni. Mashafi kwa asili hawakuikubali istisnaa nje ya masharti ya salam, ambapo thamani yote hulipwa palepale kwenye kikao. Mahanafi waliiruhusu kwa istihsani kwa kuwa watu wanaihitaji. Mwaka 1992 Baraza la Fikihi la Kimataifa lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jeddah, lilikubali kuwa ni mkataba unaofunga pande zote mbili, kwa sharti kwamba aina ya kitu, kiwango chake, sifa zake na muda wake vitajwe. Kwa fundi wa Mudende maana yake ni karatasi moja: geji ngapi, mabati mangapi, papi kila baada ya sentimita ngapi, kenchi zifungwe kwa nini, na paa likamilike lini. Nilimwambia mjomba aandike kwa Kinyarwanda, lugha ambayo mteja anaisoma, hata kama mihuri ya mjini inapendeza zaidi kwa Kifaransa. Na kwa kuwa avansi ni yake kisheria, hiyo haimwondolei swali la awali: anaweza kulilipa deni la paa bila ya kumsubiri mteja mwingine? Halali ya fedha ni jambo moja na uwezo wa kutimiza ahadi ni jambo lingine. Aliyeingia mkataba huku anajua hana njia ya kuutimiza ila kwa bahati ya simu ijayo, mimi sioni tofauti yake na anayeuza asichokimiliki.

Juu ya mikopo nitapita haraka kwa kuwa tunaizungumza kila wiki. SACCO zimefika katika kila sekta Rwanda, na mkopo una riba. Vikundi vyetu vya kuchangiana, vile mnavyoviita upatu, vinasaidia kununua vifaa lakini haviwezi kubeba nyumba tatu kwa wakati mmoja. Ni dhiki ya kweli, na anayemwambia fundi "acha riba" bila ya kumwonyesha mlango mwingine amefanya nusu ya kazi.

Jambo la vijana linaniuma zaidi. Kazi inapokuwa nyingi, fundi hushawishika kuwalipa kwa idadi ya mabati badala ya siku, kwa sababu hapo hahitaji kuwasimamia. Wao wenyewe watakimbia. Watakimbia kweli. Ukimlipa kijana kwa bati, umemlipa aruke msumari. Umemlipa asipoteze muda kujifunga kamba kiunoni kwenye paa lililolowa. Kisha msumari ukikosekana tunamwita kijana mwizi, na akianguka tunasema ni kadari. Kadari tunaiamini. Lakini namna ya ujira aliichagua tajiri akiwa amekaa, tena akiwa na kikokotoo mkononi. Tunahifadhi hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka na tunaitumia juu ya kuchelewesha malipo tu. Naona inafaa tuulize pia malipo yenyewe yanamfundisha kijana kufanya nini.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtu atasema: ndugu, Waislamu ni wachache Rwanda, vijana hawana kazi, kandarasi kubwa zinachukuliwa na wengine, na wewe unakuja kutuwekea breki. Umma unahitaji wakandarasi, hauhitaji mafundi wacha Mungu wenye nyundo moja. Pingamizi hili nalipokea kwa uzito wake. Imam Ghazali katika Ihya amezihesabu kazi za mikono kuwa katika faradhi za kutoshelezana. Wote wakiziacha, maisha ya watu yanaharibika. Na binti yule katika kisa cha Nabii Musa (a.s.), ndani ya Suratul Qasas, alipomshauri baba yake juu ya mtu wa kuajiri, alizitaja sifa mbili kwa pamoja, nguvu na uaminifu. Mwaminifu asiye na nguvu naye ana hasara yake: nyumba atakazozikataa zitaezekwa na yule asiyejali. Kwa hiyo siwezi kumwambia mjomba abaki na msaidizi mmoja ili roho yake itulie. Utulivu huo ungelipiwa na wenye nyumba.

Njia ninayoiona ni kuongeza macho, wala sio mikono peke yake. Ipo katika vitabu vyetu shirika ya kazi, sharikatul abdan, ambapo mafundi wawili wanashirikiana bila mtaji, wanapokea kazi na kugawana chumo. Mashafi wanaibatilisha kwa hoja kwamba hakuna ajuaye mwenzake atachuma kiasi gani, ni gharari. Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wanaijuzisha, kwa masharti wanayotofautiana. Kinachonivutia ni msimamo wa Mahanafi kwamba kazi anayoipokea mshirika mmoja inamfunga na mwenziwe. Mteja anaweza kumdai yeyote kati yao. Hiyo ndiyo tofauti ya mshirika na kibarua. Kibarua anapewa ujira na anaondoka saa kumi na moja jioni. Mshirika anabaki na paa shingoni. Ukimfanya kijana kuwa mshirika umeongeza jicho lenye sababu ya kutazama, nawe umepunguza faida yako, labda kwa nusu. Hapo ndipo wengi wanaporudi nyuma, na siwashangai.

Mjomba alikaa na hayo kwa wiki kadhaa. Mwisho akamchukua kijana wake wa siku nyingi, aliyeanza naye akiwa anabeba mbao, wakaandikiana mbele ya mashahidi wawili: kazi zote kuanzia mwezi wa Shaaban wanazipokea pamoja, wanagawana, na paa likirudi wanarudi wote. Vijana wengine wanne wanalipwa kwa siku. Kazi moja ya Gisenyi, yenye nyumba sita za kupangisha kwa mkupuo, wameiacha, na mwenye kazi amekasirika.

Limebaki moja ambalo hatujalimaliza, na ninaliweka hapa ili ndugu wa fikihi wanisaidie. Kijana anasema mapaa ya zamani, yale yaliyoezekwa kabla ya mkataba, hayamhusu. Yeye wakati huo alikuwa kibarua tu na alifanya alivyoagizwa. Mjomba anasema misumari mingi ya mapaa hayo aliipiga kijana huyu huyu, na ni yeye anayejua ipi iliyokosekana. Kisheria naona kijana ana haki, kwa kuwa deni halimwangukii aliyekuwa mwajiriwa. Lakini msimu wa mvua uliopita bati lilianza kupiga kelele kwenye nyumba moja ya mwaka 2019, upande wa Bugeshi, na aliyepanda kulifunga usiku ule, bila ya kulipwa, alikuwa ni kijana. Nilipomuuliza kama amekubali dhamana ya zamani akasema hapana, ila alikumbuka ni upande gani alioharakisha.